Paka Anayetafuna Hali ya Kuwa Kinywani Hamna Kitu



Ndugu msomaji, maswali yanayoletwa mezani kwa katibu wa msikiti yana mazoea yake. Mirathi huja baada ya msiba, ugomvi wa mke na mume huja usiku, ada za madrasa huja mwanzo wa mwezi, na malalamiko juu ya kipaza sauti huja siku yoyote. Karibuni limekuja swali ambalo halikuwa na faili. Mama mmoja wa mtaani kwetu, mshonaji wa kofia za viua, alieleza kwamba paka wake aliyeishi naye miaka tisa ameanza kutafuna hali ya kuwa kinywani hamna kitu. Taya linakwenda, ulimi unatoka na kurudi, udenda unadondoka mkekani, na mara kwa mara hutapika. Majirani walikwisha kutoa hukumu mbili. Wa kwanza alisema paka huyo anakula pamoja na majini. Wa pili, ambaye hakutaka kujishughulisha na majini, alishauri atiwe guniani akaachwe sokoni. Mama alitaka kujua la kwanza lina ukweli gani na la pili lina dhambi gani.

Nilianza na la pili, kwa kuwa halihitaji daktari. Katika vitabu vya Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia hadi akafa. Habari hiyo imebeba mambo mawili pamoja: hakumlisha, wala hakumwacha atoke ajitafutie. Wako wanaoishika sehemu ya pili na kudhani kwamba kumfungulia mnyama mlango kunatosha kuwavua dhima. Lakini paka aliyelelewa ndani ya nyumba tangu utotoni, ambaye sasa kinywa chake kinamuuma, hata ukimwacha katikati ya mabucha hawezi kujitafutia. Huko hajaachwa huru. Amehamishiwa njaa yake mahali ambapo mwenyewe haioni.

Ama la majini, kuamini kuwepo kwao ni katika itikadi yetu. Kumtwika jini kila jino bovu si katika itikadi yetu.

Sasa tulitazame taya lenyewe, na kwanza tuiondoe hofu pale isipostahili kuwepo. Paka aliyeketi dirishani akamwona shomoro asiyefikika hugonganisha meno upesi upesi na kutoa sauti ya kukatakata. Huyo ni mzima. Ni mawindo yaliyompita. Paka anayenusa mkojo wa paka mwenziwe ukutani, kisha akabaki mdomo wazi na uso umekunjamana kama mtu aliyeonja shubiri, naye ni mzima. Juu ya kaakaa lake mna kiungo kidogo cha kunusia, kiitwacho kwa jina la Ludwig Jacobson, tabibu wa Denmark aliyekieleza mwanzoni mwa karne ya 19, na kwa kuachama hivyo paka huipeleka harufu huko. Mtoto wa paka wa kati ya miezi 3 na 6 hutafuna kila akionacho, hata ukanda wa kiatu cha imamu, kwa sababu meno yake 26 ya utoto yanang'oka kuyapisha meno 30 ya ukubwani.

Kinachotakiwa kututia wasiwasi ni kutafuna kusikokuwa na sababu ya nje, kunakorudiarudia, na hasa kunakoandamana na udenda, kulamba midomo, kumeza mate mfululizo, kukataa chakula au kutapika. Hapo njia huwa mbili, na mara nyingine hukutana: ama tumbo ndilo linalokisumbua kinywa, ama kinywa ndicho kinachoonekana kulisumbua tumbo.

Tumbo hukisumbua kinywa kwa kichefuchefu. Mwanadamu akichafukwa na moyo husema. Paka hana lugha ila mate. Kabla ya kutapika, mwili humwaga mate mengi ili kuyakinga meno na koo na tindikali inayopanda kutoka chini, na paka huyajibu mate hayo kwa kumeza, kulamba na kutafuna. Ukimwona anatafuna hewa, kisha anajikunyata, tumbo linaanza kujikaza kwa nguvu na hatimaye anatapika, basi liulizwe tumbo. Pengine ni bonge la manyoya. Ulimi wa paka una vijimiba vilivyoelekea nyuma, na kila unywele anaoukwangua katika kujilamba hauna pa kwenda ila kumezwa. Bonge moja baada ya wiki nyingi si neno. Lakini paka anayetapika kila baada ya siku mbili, na watu wa nyumbani wakasema ni manyoya tu, ameonewa. Minyoo hutapisha na kuharisha. Figo zilizochoka hutapisha paka mzee, naye huonekana anakunywa maji kupita mazoea, anakonda, na pumzi yake inanuka vibaya.

Njia ya pili ni kinywa chenyewe, na mimi naona hii ndiyo inayosahauliwa zaidi majumbani mwetu, kwa kuwa sisi humlisha paka lakini hatumfungui mdomo. Fizi zake huvimba na kutoka damu. Vidonda huota juu ya ulimi kwa ugonjwa wa mafua ya paka. Na kuna maradhi ya ajabu yanayowapata paka wengi waliokomaa, ambayo mwili huanza kulimeng'enya jino lake wenyewe, aghalabu pale jino linapokutana na ufizi, mpaka panabaki tundu lililofunuka juu ya mshipa wa fahamu. Si kuoza kwa sukari kama meno yetu. Chakula kikigusa tundu hilo, taya hutetemeka bila hiari ya mnyama. Paka mwenye maradhi hayo hukimbilia sahani kwa kuwa njaa anayo, huonja, hurudi nyuma ghafla, pengine hukifokea chakula kana kwamba kimemuuma, kisha huketi pembeni na kutafuna utupu. Wengine hujifunza kumeza vipande vizima vizima bila kutafuna, na baada ya dakika chache vipande hivyo hurudi vile vile vilivyoingia. Mwenye nyumba huona matapishi na kusema tumbo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa paka wa yule mama. Daktari wa mifugo alimpa dawa ya usingizi, akamng'oa magego mawili ya taya la chini, na akaeleza kwamba tumbo halikuwa na kosa. Kwa wiki kadhaa mnyama alikuwa na njaa mbele ya sahani iliyojaa, na watu wa nyumbani walisema anadeka. Nilipoisikia taarifa hiyo nilifikiri tena juu ya neno kulisha katika ile habari ya Bukhari na Muslim. Wengi wetu tunahesabu kuwa tumelisha pale tulipoweka sahani chini. Yapasa tutazame pia kama chakula kimeingia.

Liko jambo moja alilolifanya daktari yule ambalo napenda kila nyumba ya mshonaji ilijue. Alimwuliza mama kazi yake. Aliposikia kuwa ni kofia, aliinua ulimi wa paka na kutazama chini yake kabla ya kutazama jino lolote. Alikuwa anatafuta uzi. Paka hupenda kuchezea uzi, na vile vijimiba vya ulimi vikishaunasa hawezi kuutema; hana ila kuumeza. Mara nyingi uzi hunasa shinani mwa ulimi na ncha ya pili ikashuka tumboni mpaka matumboni. Matumbo hujaribu kuusukuma, hushindwa, nayo huanza kujikunja juu ya uzi kama kiuno cha suruali kilichovutwa kamba. Uzi ukikaza sana hukata ukuta wa utumbo kama msumeno, na sumu ya kinyesi huenea tumboni. Paka wa namna hiyo hutafuna, humeza mate, hutapika na kuacha kula, na akikosa kupasuliwa kwa wakati hufa. Uzi ukionekana unatoka mdomoni au tupu ya nyuma, usiuvute hata kidogo, maana kuuvuta ndiko kukata. Akina mama na mabinti wanaoshona viua barazani waweke nyuzi na sindano ndani ya mkebe wenye kifuniko wanapoadhiniwa na kuinuka. Vivyo hivyo mishipi ya wavuvi na nyuzi za tiara za watoto.

Mwiba wa samaki nao una namna yake. Hukwama kimya kati ya magego ya kushoto na ya kulia, umelala juu ya kaakaa, na paka hutafuna na kujikwangua shavu kwa mkono. Sisi watu wa pwani tuna desturi njema ya kumkumbuka paka tunapokula, ila tunamkumbuka kwa miba. Kichwa cha changu na mfupa wa kuku uliopikwa, ambao huvunjika kwa ncha kali, si sadaka nzuri. Mnofu kidogo ni bora.

Na maadam tumetaja chakula, maziwa ya ng'ombe humharisha paka mkubwa aghalabu, kwa kuwa tumbo lake limekwisha poteza uwezo wa kuyavunjavunja. Kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu yake. Kwa hiyo mabaki ya mchuzi na pilau si chakula chake. Tena paka hawezi kuishi kwa ugali uliolowekwa supu. Mwili wake hautengenezi kiasi kinachomtosha cha kitu kiitwacho taurini, ambacho hupatikana katika nyama na samaki. Mwaka 1987 daktari Paul Pion wa Marekani na wenzake walionyesha kwamba upungufu wake huudhoofisha moyo wa paka, na kwamba ukirekebishwa mapema moyo hupata nafuu.

Yule mama aliniuliza pia habari ya udenda ule uliodondoka mkekani anaposalia, na hili ni la fani yangu zaidi. Paka ni tohara, na mate yake ni tohara. Imepokewa kutoka kwa Kabsha binti Ka'ab bin Malik kwamba alimtilia maji ya udhu Abu Qatada, baba wa mumewe, akaja paka, naye mzee akakiinamisha chombo ili paka anywe. Alipomwona Kabsha anashangaa, alimweleza kuwa Mtume (rehma na amani zimshukie) alisema paka si najisi, kwa kuwa ni katika viumbe wanaotuzunguka majumbani. Kwa hiyo udenda hauharibu mkeka. Matapishi ni jambo jingine; kwa wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi matapishi ni najisi, ya paka na ya mwanadamu. Yaondolewe kwanza yenyewe, kisha mahali pamwagiwe maji mpaka rangi na harufu viondoke. Hapana haja ya kuutupa mkeka, wala ya kumtupa paka.

Lakini tohara ya paka haimaanishi usalama wa kila paka, na hapa naomba wazazi wanisikilize vizuri. Ugonjwa tunaouita kichaa cha mbwa haukomei kwa mbwa. Paka aliyeumwa na mbwa au mnyama wa porini mwenye ugonjwa huo huupata, na dalili zake ni kubadilika tabia, ukali au ukimya usio wa kawaida, sauti iliyobadilika, kutokwa udenda, kushindwa kumeza na taya lisilotii. Mtu mwema akimwona paka wa namna hiyo hudhani amekwamwa na mwiba, akatia kidole kinywani mwake. Usifanye hivyo kamwe kwa paka usiyemjua, wala kwa paka wako ambaye hajachanjwa na ambaye amebadilika ghafla. Mfungie peke yake chumbani, watoto wasimkaribie, na aitwe mtaalamu wa mifugo. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa, au ambaye mate yamegusa jeraha lake, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, bila kupaka majivu wala mafuta ya taa, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Asingoje kuona kama paka atakufa. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa mwanadamu, takriban hakuna aponaye. Lakini chanjo ikiwahi, huzuilika. Ninajua nyumba ambamo mtoto alificha alama ya meno kwa kuogopa kuchapwa. Alhamdulillah, dada yake alimsema. Watoto waambiwe mapema kwamba kung'atwa na mnyama hakuna viboko.

Sumu nayo hujitangaza kwa mdomo. Anayejua gimbi bichi linavyowasha ulimi ataelewa hali ya paka aliyetafuna lile ua la vyungu vya sebuleni, lenye majani mapana ya kijani yaliyotiwa madoa meupe. Ni wa ukoo mmoja na gimbi, na ndani ya jani mna vichembe vyenye ncha kama sindano. Paka aliyemng'ata chura wa aina zenye sumu hutoa mapovu. Dawa za kupe na viroboto zilizotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe na mbwa, hususan zenye permethrini, humtetemesha paka na kumtia degedege, kwa sababu ini lake halina uwezo wa kuivunja sumu hiyo kama mbwa afanyavyo. Ikiwa umekwisha mpaka, muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini na umpeleke bila kuchelewa.

Ila sumu inayonisikitisha kupita zote ni ile inayotolewa kwa huruma. Paka anaumwa, mwenyewe anamwonea imani, anavunja panadoli na kumtilia kwenye samaki. Ini la paka haliwezi parasetamo. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chatosha kumuua paka mzima. Damu yake hupoteza uwezo wa kubeba hewa, fizi hugeuka rangi ya kahawia, uso huvimba, na pumzi humpaa. Hakuna kipimo kidogo kilicho salama cha kumpa nyumbani, wala nusu, wala robo. Aspirini na dawa nyingine za maumivu za watu zisitolewe pia ila kwa amri ya daktari wa wanyama.

Nitaje upesi na kifafa. Wako paka ambao kutafuna kwao ni degedege dogo la upande wa uso: jicho linapepesa, shavu linaruka, taya linatafuna, mnyama hakusikii unapomwita, na baada ya dakika moja au mbili anarudi akiwa amechanganyikiwa. Usimshike mdomo, ondoa vitu vinavyoweza kumwumiza na utazame saa. Likipita dakika 5, au likirudiarudia, ni dharura.

Kwa paka wako mwenyewe unayemjua na mwenye chanjo, kuna mambo machache ya kutazama nyumbani. Inua mdomo wa juu taratibu: ufizi mzima una rangi ya waridi, na ukiubonyeza kwa kidole ukawa mweupe hurudi rangi yake kabla ya sekunde 2. Ufizi mweupe, wa manjano au wa kahawia hausubiri kesho. Vuta ngozi ya kati ya mabega: ikisimama kama hema badala ya kulala upesi, maji yamempungua. Paka asiyekula kwa siku nzima ashughulikiwe, maana paka, hasa mnene, akikaa siku mbili tatu bila kula mafuta huanza kujaa katika ini lake, na njaa yenyewe ikawa maradhi mapya. Mtoto wa paka anayetapika na kuharisha apelekwe saa hiyo hiyo; kuna ugonjwa wa virusi unaowamaliza watoto wa paka kwa siku chache, na chanjo yake ipo.

Najua swali linalofuata ni la fedha. Si kila familia inaweza kulipia upasuaji wa mnyama, na sharia haimkalifishi mtu asiloliweza. Lakini ushauri wa bwana mifugo wa kata mara nyingi ni wa gharama ndogo kuliko tunavyodhani, na kumfungua paka mdomo hakugharimu kitu. Majirani wanaochangia zulia la msikiti wanaweza pia kuchangia paka anayelala juu yake. Pendekezo hili nimeliweka mbele ya kamati. Wajumbe wawili wamecheka na mmoja ametoa shilingi elfu kumi.

Anayekwenda kwa daktari amtie paka katika kapu la ukili lenye kifuniko, juu yake kanga, ili asitoroke njiani. Apige picha ya video kwa simu wakati taya linapokwenda, kwa kuwa paka akifika mbele ya daktari hujikausha kama hajawahi kutafuna maishani mwake. Achukue kipande cha matapishi katika mfuko wa nailoni, aseme mnyama alikula nini mara ya mwisho, na kama nyumbani kuna uzi, ndoana au dawa ya wadudu. Ikiwa paka amelishwa kidonge chochote, jina la kidonge hicho litajwe mwanzo kabisa, kabla hata ya jina la paka.